Kabla Hujapachika Plagini, Fungua Faili la Leseni

Fungua folda ya duka lolote la mtandaoni lililojengwa kwa WordPress, ingia kwenye wp-content, kisha plugins. Utakuta folda ndogo kadhaa: moja ya WooCommerce inayobeba bidhaa na kikapu, moja ya kupokea malipo ya simu, moja ya kuzuia maoni taka, moja ya kuhifadhi nakala, na pengine moja aliyoiandika fundi mwenyewe ili bei zisomeke kwa shilingi. Kila folda ina mwandishi wake, na kila mwandishi ana masharti yake. Mwenye duka amelipa ankara moja, naye anaamini amenunua kitu kimoja. Kisheria amepokea kazi za watu wengi ambao hajapata kuonana nao, na kila mmoja wao amemruhusu kwa sharti.

Programu huria si mali isiyo na mwenyewe. Sheria ya hakimiliki ya Tanzania ya mwaka 1999 na ile ya Kenya ya mwaka 2001 zote zinazilinda programu za kompyuta kama zinavyolinda maandishi mengine. Kinachoifanya programu iwe huria ni leseni, yaani ruhusa ambayo mwenye hakimiliki ameitoa mapema kwa kila mtu, pamoja na masharti yake. Ukilivunja sharti, ruhusa inaondoka, nawe unabaki sawa na mtu aliyechapa kitabu cha mwenzake bila idhini.

Wapo wanaosema hayo ni ya vitabuni, hakuna anayeshtaki kwa kitu cha bure. Mwaka 2008 mahakama ya rufaa ya shirikisho nchini Marekani iliamua kesi ambayo ungeweza kuidhania mzaha. Robert Jacobsen, kiongozi wa mradi huria wa programu ya kuendeshea treni za kuchezea, alimshtaki Matthew Katzer na kampuni yake kwa kuchukua mafaili ya mradi bila kutaja waandishi wala kueleza yalivyobadilishwa. Utetezi ukawa kwamba hayo ni masharti ya mkataba tu. Mahakama ikakataa: masharti ya leseni huria ni masharti ya ruhusa yenyewe, na anayeyakiuka anaweza kushtakiwa kwa kukiuka hakimiliki. Ilikuwa treni ya kuchezea, lakini hukumu hiyo bado inatajwa kila mawakili wa programu wanapokutana.

Makala haya yanamlenga fundi anayetengeneza plagini au moduli, na mteja anayezilipia. Kwa wote wawili yapo maswali mawili yanayobeba karibu mzigo wote. Plagini inashikanaje na programu kuu? Na inafika mikononi mwa nani?

Leseni kwa haraka

Leseni ziko nyingi, ila kwa anayeshughulika na plagini zinatofautiana kwa ukubwa wa madai. MIT, BSD na Apache 2.0 zinadai kidogo: acha jina la mwandishi na maandishi ya leseni mahali pake, kisha unaweza kuchanganya msimbo huo na programu yako ya siri na ukauza. DHIS2, mfumo wa takwimu za afya unaoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo na kutumiwa na wizara za afya Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda, uko chini ya BSD. Kampuni ikiandika programu ya ziada juu ya DHIS2 haidaiwi kufichua msimbo wake.

MPL 2.0, iliyotoka mwaka 2012, inahesabu faili kwa faili. OpenMRS, mfumo wa rekodi za wagonjwa ulioanza kutumika Eldoret mwaka 2006 na ambao KenyaEMR imejengwa juu yake, unatumia leseni hii. Ukiandika moduli mpya yenye mafaili yako mwenyewe, leseni ya moduli hiyo unaichagua wewe. Ukigusa faili la kiini kisha ukalisambaza, faili hilo, pamoja na mabadiliko yako, linabaki chini ya MPL, na anayelipokea ana haki ya kupata msimbo wake.

LGPL inaruhusu programu ya siri kuitumia maktaba huria, mradi maktaba yenyewe ibaki huria na mtumiaji aweze kuibadilisha.

Halafu ipo GPL, na hii ndiyo inayoumiza vichwa. Toleo la 2 ni la mwaka 1991, la 3 ni la mwaka 2007, yote mawili kutoka Free Software Foundation ya Richard Stallman. Kwa ufupi inasema: ukisambaza programu iliyojengwa juu ya kazi yenye GPL, basi programu hiyo nzima itoke chini ya GPL, na anayeipokea apewe msimbo pamoja na haki zilezile ulizopewa wewe. Ugumu uko kwenye neno nzima. Plagini ni sehemu ya programu hiyo, au ni kazi nyingine iliyo jirani nayo?

Sinia moja au majirani

Msimamo wa Free Software Foundation unategemea namna programu mbili zinavyozungumza. Zikila sinia moja, yaani zinaendeshwa ndani ya mchakato mmoja, zinaitana kazi kwa kazi na kushirikiana data zilizo kwenye kumbukumbu, basi ni kazi moja na GPL inazifunika zote. Zikiwa majirani wanaobishiana hodi, kila moja ikiendeshwa peke yake na kupokezana ujumbe mfupi, basi ni kazi mbili. Kati ya hapo pana eneo la mabishano. Kumbuka kwamba huo ni msimamo wa walioiandika leseni. Mahakama katika nchi nyingi hazijawahi kuulizwa swali la plagini moja kwa moja, kwa hiyo yeyote anayekuapia kwamba jibu ni jeusi au jeupe amezidisha.

WordPress iko upande wa sinia moja. Ilianza mwaka 2003 mikononi mwa Matt Mullenweg na Mike Little, nayo iko chini ya GPL toleo la 2 au la baadaye. Plagini yake hupakiwa na PHP pamoja na kiini, hujiandikisha kwa add_action na add_filter, husoma data zilezile. Mwaka 2009 Mullenweg aliomba maoni ya Software Freedom Law Center, taasisi ya mawakili wa programu huria, kuhusu mandhari za tovuti, na jibu lao likawa la kati: sehemu za mandhari zilizoandikwa kwa PHP zinatokana na WordPress, hivyo zinafuata GPL, picha na mafaili ya CSS si lazima. Ndipo ilipopata nguvu leseni ya mgawanyiko, ambamo muuzaji anatoa PHP kwa GPL na kubaki na masharti yake kwenye picha na mitindo. Kwa plagini, ambayo mara nyingi ni PHP karibu yote, nafasi ya kugawanya ni finyu.

Mwaka uliofuata hoja hiyo ilipata mtihani. Chris Pearson alikuwa akiuza mandhari iitwayo Thesis kwa masharti ya kufunga, akisisitiza kuwa ni kazi yake na WordPress haina dai juu yake. Alibishana na Mullenweg hadharani mwezi Julai 2010. Wengine wakaifungua Thesis na kuonyesha kuwa ndani yake mlikuwamo vipande vilivyonakiliwa moja kwa moja kutoka WordPress, na hapo hoja ya "hii ni kazi yangu peke yangu" ikaishiwa nguvu. Kabla mwezi haujaisha Pearson alitangaza leseni ya mgawanyiko. Hawakufika mahakamani. Mimi naona funzo kubwa la Thesis haliko kwenye nadharia ya kazi inayotokana na nyingine. Liko kwenye kunakili. Mafundi wengi huanza plagini mpya kwa kuchukua iliyopo, kubadilisha jina na kufuta kichwa cha faili. Kwa kitendo hicho swali la sinia halihitajiki tena. Umenakili, basi.

Wenye miradi wengine wameliona tatizo hili mapema na kulifungia mlango, au kuufungua, kwa maandishi. GIMP, programu ya kuhariri picha, ina kiini cha GPL, lakini maktaba ambayo plagini huitumia kuzungumza na kiini, libgimp, iko chini ya LGPL, na kila plagini inaendeshwa kama programu inayojitegemea. Matokeo yake mtu anaweza kuuza plagini ya siri ya GIMP bila kumkosea yeyote. GCC, kikusanyaji cha lugha ya C na nyinginezo, ilikwenda njia ya pili. Ilipoanza kukubali plagini mwaka 2010 iliweka kizuizi: plagini isiyobeba ndani yake alama iitwayo plugin_is_GPL_compatible haipakiwi. Aliyeandika plagini ya siri analazimika kutia saini uongo ndiyo ifanye kazi.

Kiini cha Linux kina utaratibu wenye ngazi. Kila moduli inajitambulisha kwa MODULE_LICENSE. Kazi za ndani zilizowekwa alama EXPORT_SYMBOL_GPL hazipatikani kwa moduli isiyojitaja kuwa ya leseni inayopatana na GPL, na moduli ya siri ikipakiwa, kiini kinajiandikia kuwa kimetiwa doa, ili wanaotafuta hitilafu wajue kuna kitu wasichoweza kukikagua. Wakati huohuo Linus Torvalds aliambatanisha na leseni maelezo kwamba programu za kawaida zinazokiita kiini kwa njia ya kawaida ya mfumo hazihesabiwi kuwa zimetokana nacho. Ndiyo maana unaweza kuendesha programu ya siri ya uhasibu juu ya Linux bila wasiwasi wowote. NVIDIA, iliyolaumiwa kwa miaka mingi kwa moduli yake ya siri, ilitoa moduli za kiini zilizo wazi mwaka 2022 chini ya MIT na GPL kwa pamoja.

Kwa hiyo kabla ya kuandika mstari wa kwanza, usiulize tu mradi mkuu una leseni gani. Tafuta kama mradi umesema lolote kuhusu plagini. Mara nyingi limeandikwa, tena kwa lugha nyepesi kuliko leseni yenyewe. QGIS, programu ya ramani iliyowasaidia vijana wa Ramani Huria kuchora mitaa ya Dar es Salaam, inaeleza wazi kwamba plagini zinazoingia kwenye hazina yake rasmi ziwe na leseni inayopatana na GPL.

Odoo: pale moduli zinapogombana zenyewe

Mfumo unaoleta kesi nyingi mezani kwa makampuni ya Nairobi na Dar es Salaam siku hizi ni Odoo, programu ya Wabelgiji ya kusimamia hesabu, bohari na mauzo. Wengi huipokea kama kitu kimoja. Toleo la Community liko chini ya LGPL toleo la 3 tangu toleo la 9 la mwaka 2015. Kabla ya hapo lilikuwa AGPL, ndugu ya GPL tutakayoirudia chini. Toleo la Enterprise ni la kulipia na si huria. Duka la moduli lina za bure, za LGPL, na za kulipia zenye leseni ya siri iitwayo OPL-1. Na jumuiya ya waandishi huru, OCA, inaendelea kutoa moduli nyingi chini ya AGPL toleo la 3.

Kila moduli ya Odoo ina faili liitwalo __manifest__.py. Lifungue. Ndani utaona mstari wa license, na karibu nao mstari wa depends unaotaja moduli nyingine ambazo hii inazitegemea. Isome mistari hiyo miwili pamoja. Chukulia fundi amekuuzia moduli ya mishahara yenye OPL-1, na kwenye depends imetajwa moduli ya OCA yenye AGPL. Hapo pana mgongano: moduli ya siri imesimama juu ya moduli inayotaka kilichojengwa juu yake kiwe huria. Muuzaji hakuwa na haki ya kukuuzia kwa masharti hayo, na wewe mnunuzi umeingizwa katika ugomvi usiokuhusu. Mstari wa license usipokuwepo, Odoo yenyewe huihesabu moduli hiyo kuwa ya LGPL-3 na kutoa onyo kwenye kumbukumbu za seva, onyo ambalo karibu kila mtu hulipuuza.

Leseni ya kiini cha Odoo ni pole kiasi kwamba moduli za siri zinaruhusiwa. Ugomvi unatoka kwa moduli jirani. Hilo ndilo jambo watu hulisahau kwenye mifumo ya vipande: huangalia leseni ya programu kuu, wakaridhika, wakaacha kuuliza vipande vyenyewe vinapatana vipi.

Inafika kwa nani

Deni la GPL linaamka pale unaposambaza. Kampuni ikiandika plagini kwa matumizi yake ya ndani, ikaiweka kwenye seva yake na kuitumia miaka kumi, haidaiwi kumwonyesha mtu msimbo. Wateja kutembelea tovuti hiyo si kusambaziwa. Wanaona kurasa tu, programu haijawafikia.

AGPL toleo la 3 iliandikwa mwaka 2007 ili kuziba pengo hilo. Ukibadilisha programu ya AGPL na watu wakaitumia kupitia mtandao, lazima uwape njia ya kupata msimbo wa toleo lako. Nextcloud, inayotumiwa na taasisi zinazotaka kuhifadhi nyaraka zao zenyewe badala ya kuziweka kwa kampuni za nje, ina leseni hii. Kuiweka kama ilivyo hakukuongezei deni. Kuibadilisha na kuwafungulia watu wa nje kunakuongezea.

Swali linaloulizwa sana ni la fundi na mteja. Fundi anamwandikia mteja plagini ya WordPress, anamkabidhi, analipwa. Amesambaza? Ndiyo, kwa mtu mmoja. Mteja anapata haki zote za GPL juu ya plagini hiyo: kuibadilisha, kumpa fundi mwingine aiendeleze, hata kuigawa. Lakini umma haupati dai lolote. Hakuna anayeweza kuja ofisini kwako kudai msimbo kwa sababu ameona tovuti ya mteja wako. Na kwa kuwa plagini ya PHP ni msimbo unaosomeka tayari, ukikabidhi mafaili yote bila kuyavuruga umemaliza deni la kutoa msimbo.

Kuuza kunaruhusiwa, kwa bei yoyote. GPL haijawahi kumkataza mtu kupata riziki. Kinachokatazwa ni kumwambia mnunuzi "usimpe mwingine". Ukiandika sharti hilo juu ya kazi ya GPL, umeivunja leseni.

Mwenye siri ya kibiashara ya kulinda atumie akili ya Akismet, huduma ya kuzuia maoni taka. Plagini yake ni GPL na kila mtu anaweza kuisoma. Kazi nzito inafanyika kwenye seva za kampuni, na huko ndiko kunakolipiwa. Plagini ya malipo ya simu inaweza kujengwa hivyohivyo: daraja jembamba lililo wazi upande wa tovuti, na hesabu za kutambua ulaghai zibaki kwenye seva yako. Na nywila na funguo za kuunganisha na kampuni ya simu hazihusiki na leseni yoyote. GPL inadai msimbo, haidai siri zako. Ziweke nje ya folda ya plagini. Nashangaa ni mara ngapi hukutwa ndani yake.

Unaponunua

Sokoni kuna watu wanaouza plagini ghali za WordPress kwa bei ya soda, wakisema ni halali kwa kuwa ni GPL. Kwa upande wa hakimiliki mara nyingi wanasema kweli. Aliyenunua plagini ya GPL anaweza kuigawa. Ila ufunguo unaouziwa na mwenye plagini haukuwa wa kuruhusu matumizi. Ni wa masasisho na msaada, na huo mgawaji wa pili hana haki ya kukupa. Utabaki na toleo lililoganda siku uliyolipakua. Tundu la usalama likigundulika, wenzako watapata kiraka, wewe hutapata. Na aliyekuuzia angeweza kuongeza mistari yake miwili mitatu ndani, nawe huna njia rahisi ya kujua. Kwa duka linalopokea pesa za watu, hiyo ni akiba ya kujinyima kinga.

Jina nalo ni jambo la pembeni linalosahaulika. Leseni ya msimbo haikupi alama ya biashara. Unaweza kuchukua plagini ya mtu, kuiboresha na kuiuza, lakini si kwa jina na nembo yake. Hata WordPress, pamoja na uhuria wake, haikuruhusu kuweka neno WordPress kwenye anwani ya tovuti yako ya biashara.

Unapoandika yako

Kwa WordPress, kichwa cha faili kuu la plagini kina mistari ya Plugin Name, Version, Author. Ongeza mstari wa License, mfano GPLv2 or later, na uweke faili la LICENSE lenye maandishi kamili. Saraka rasmi ya WordPress haipokei plagini isiyopatana na GPL, na inahesabu kila kilichomo: maktaba za JavaScript, fonti, picha za mfano, ikoni. Hapa ndipo wengi hukwama. Fundi anaandika PHP safi kabisa, kisha anabandika picha aliyoikuta kwenye utafutaji wa mtandaoni na maktaba ya chati isiyoruhusu biashara.

Kuna mgongano mmoja wa kukariri. Free Software Foundation inasema Apache 2.0 haipatani na GPL toleo la 2, ila inapatana na la 3. Ukitumia maktaba ya Apache ndani ya plagini ya WordPress, maneno "au la baadaye" kwenye leseni ya WordPress ndiyo yanayokuokoa, kwa kuwa unaweza kuchagua toleo la 3. Mradi uliofungwa kwenye toleo la 2 pekee, kama kiini cha Linux, haukupi nafasi hiyo.

Kwa kazi za PHP zinazotumia Composer, amri ya composer licenses inakupa orodha ya kila kifurushi na leseni yake. Iendeshe kabla ya kukabidhi kazi, hifadhi matokeo, yaambatanishe na ankara. Mteja makini atafurahi, na asiye makini atakushukuru siku kampuni yake itakapotaka kuuzwa na mawakili wa mnunuzi wakaja na maswali.

Kifungu kinachosababisha ugomvi

Mikataba mingi ya tovuti niliyoiona ina sentensi kama hii: "Haki zote za programu nzima zitakuwa mali ya mteja baada ya malipo ya mwisho." Kwa mfumo uliojengwa juu ya WordPress, Odoo au Moodle, sentensi hiyo haitekelezeki. Fundi hawezi kuhamisha hakimiliki ya watu waliotawanyika duniani kote. Sheria ya Kenya inachukulia kwamba hakimiliki ya kazi iliyoagizwa inakwenda kwa aliyeiagiza, isipokuwa wahusika wamekubaliana vingine, lakini hilo linagusa alichokiandika fundi kwa agizo hilo tu. Kiini na plagini za wengine zinabaki za wenyewe.

Afadhali kifungu kiseme hivi: "Msimbo ulioandikwa mahsusi kwa mradi huu, uliotajwa katika Kiambatisho A, ni mali ya mteja. Programu na plagini za watu wengine, zilizotajwa katika Kiambatisho B pamoja na leseni zake, zinabaki chini ya leseni hizo, na mteja anazipokea kwa masharti hayo." Kisha viambatisho viandikwe kweli, visiachwe wazi. Kiambatisho B ndicho chenye kazi, na ndicho kinachorukwa. Kwa mradi mkubwa, mpe wakili akipitie. Kwa tovuti ya duka dogo, orodha ya ukurasa mmoja iliyosainiwa na pande zote inatosha kuzuia maneno mengi.

Ukigundua umekosea

GPL toleo la 2 ni kali: ukikiuka, haki zako zinakoma papo hapo. Toleo la 3 lina njia ya kurudi. Ukiacha ukiukaji, haki zinarejea kwa muda, na zinarejea kwa kudumu mwenye hakimiliki asipokuandikia ndani ya siku 60 tangu ulipoacha. Na kama ni mara yako ya kwanza kuarifiwa naye, ukirekebisha ndani ya siku 30 tangu kupokea taarifa, haki zako zinarudi kamili. Kwa hiyo barua pepe ya malalamiko kutoka kwa mwandishi usiyemjua isiachwe kwenye folda ya taka. Tarehe inahesabika.

Wanaoiacha hulipa baadaye. Huko Ufaransa kampuni ndogo ya Entr'Ouvert iliishtaki Orange kwa kutumia maktaba yake iitwayo Lasso, yenye GPL toleo la 2, ndani ya mfumo wa utambulisho uliouzwa kwa serikali kwa ajili ya tovuti ya huduma za umma, bila kufuata leseni. Maktaba ilikuwa kipande kimoja tu cha mfumo mkubwa. Kesi ilichukua zaidi ya miaka kumi, na Februari 2024 Mahakama ya Rufaa ya Paris iliiamuru Orange kulipa zaidi ya nusu milioni ya euro.

Limebaki kundi moja la plagini ambalo ni hatari kuliko yote, nalo halina masharti makali hata kidogo: msimbo uliowekwa hadharani bila leseni yoyote. Ukimya haumaanishi ruhusa. Mwandishi asiposema kitu, sheria inamwachia haki zote, nawe una haki ya kusoma tu. Ukikuta plagini ya namna hiyo na unaihitaji, mwandikie mwenyewe kwa adabu, mwombe aongeze faili la leseni kwenye hazina yake, na upakue baada ya faili hilo kuonekana. Asipojibu, tafuta plagini nyingine au iandike yako mwenyewe tangu mwanzo.